Stelingi wa nyumbani: tumkumbuke Steven Kanumba kama tulivyomwona tukiwa watoto

Mtoto wa Ngokolo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nilizaliwa mwaka 1999 mjini Shinyanga, kwa hiyo mimi ni miongoni mwa wale waliomfahamu marehemu Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, wakiwa na miaka saba, na kuzipata habari za msiba wake wakiwa na miaka kumi na mitatu. Yameandikwa mengi kuhusu kifo chake na kesi iliyofuata, na mahakama ilikwisha kusema neno lake. Naomba hayo tuyaache yalale. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya jambo dogo zaidi, nalo ni namna tulivyomtazama tukiwa watoto, tumekaa chini kwenye mkeka, mbele kabisa, karibu mno na runinga kiasi kwamba shingo zilituuma hadi kesho yake.

Kwa waliokulia kwenye nyumba zenye runinga sebuleni, nieleze kwamba kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi, kimeezekwa kwa mabati, na madirisha yake yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Ndani kulikuwa na mabenchi sita, runinga moja yenye mgongo mkubwa na deki iliyokuwa ikipigwa makofi kila ilipogoma. Nyuma ya ukuta palikuwa na jenereta, ambayo katika ule mgao wa umeme wa mwaka 2006 ilinguruma karibu kila siku, na ndiyo iliyosababisha wengi wetu tuwe watu wa kuongea kwa sauti kubwa mpaka leo. Mtu mzima alilipa shilingi 100 na mtoto alilipa 50. Mlangoni palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo, na siku ambayo filamu ilikuwa ya Kanumba, mwenye kibanda aliliandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko jina la filamu yenyewe, kwa sababu alijua wateja wake wanafuata nini.

Kabla yake, mashujaa wetu wote walikuwa wageni. Tulikuwa na Wachina wa kung-fu, tulikuwa na Wahindi waliopigwa risasi tano na bado wakaimba, na tulikuwa na Wanigeria wenye waganga na majumba makubwa. Wote hao walizungumza kupitia kinywa cha mfasiri mmoja, ambaye sauti yake iliifunika sauti ya mwigizaji, akawa ndiye mama, ndiye jambazi, ndiye polisi na ndiye mtoto anayelia. Sisi tulizoea hivyo, tukadhani filamu ni kitu ambacho hakiwezi kukamilika bila mtu wa kutueleza. Mara ya kwanza nilipomwona Kanumba kwenye ile runinga, nakumbuka vizuri kwamba nilikaa nikisubiri mfasiri aanze. Hakuanza. Yule kaka mrefu aliyevaa shati jeupe alifungua kinywa akasema Kiswahili chake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, na sauti ile ikaendana na midomo yake. Sijui kama ninaweza kumweleza mtoto wa siku hizi, ambaye anapata kila kitu kwenye simu, jinsi jambo lile lilivyonishtua.

Kisha tukaambiwa kwamba ni mtu wa kwetu. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, akaenda Sekondari ya Mwadui kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Habari hiyo ilipoenea, kila nyumba ikampata mtu wake aliyewahi kusoma naye. Iwapo wote waliodai kwamba walikaa naye dawati moja Bugoyi walisema kweli, basi dawati lile lilikuwa na urefu wa behewa la treni. Lakini kwetu sisi watoto ule haukuwa utani hata kidogo. Mtu aliyekunywa maji ya mji ule ule, akapita njia zile zile zenye vumbi, alikuwa stelingi. Mpaka siku hiyo tulidhani kwamba stelingi huzaliwa mahali pengine.

Mwaka 2006 ilitoka Dar 2 Lagos, ambayo ndani yake alicheza pamoja na Mnigeria Mercy Johnson. Wakubwa waliizungumza kama habari ya biashara, kwamba sasa soko letu limeungana na la Nigeria, lakini mimi niliiona kwa namna nyingine kabisa. Watu wale wale niliozoea kuwaona kwa mbali, kupitia mfasiri, sasa walikuwa wamesimama mbele ya mtu wa Shinyanga na wanamjibu.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likiandikwa popote, nalo ni kwamba Kanumba ndiye aliyewaingiza akina mama kwenye kibanda umiza, angalau cha kwetu. Siku za filamu za mapigano kibanda kilikuwa cha wavulana, wapiga debe na wavuta sigara, na mwanamke aliyechungulia pale alikuwa amekuja kumtafuta mwanawe amtandike. Lakini filamu zake zilihusu ndoa, mawifi, wivu, mimba, urithi, na rafiki anayemwibia rafiki yake mchumba, yaani mambo ambayo mama zetu walikuwa wakiyazungumza kwenye foleni ya maji. Ndipo wakaanza kuja, kwanza wawili wawili wakiwa wamejifunika khanga mpaka usoni, baadaye kundi zima. Mwenye kibanda, ambaye hakuwahi kufagia tangu afungue, akaanza kufagia na kunyunyizia maji sakafuni, akapiga marufuku sigara, na akatenga mabenchi mawili ya nyuma kwa ajili yao. Tokea hapo ikawa ukikaa mbele unasikia maoni yote ya mama zako nyuma yako, na maoni yale, naapa, mara nyingi yalikuwa matamu kuliko filamu. Wakati mwingine walimwonya kwa jina: "Kanumba, usiingie humo ndani, baba!" Naye akaingia, wakakasirika kweli kweli.

Jambo la pili ni machozi. Kanumba alikuwa na mwili mkubwa, mabega mapana na sauti nzito, halafu akalia. Alilia kwa makamasi, uso ukakunjamana bila aibu, na mpiga picha akauacha uso ule ujae kwenye kioo mpaka ukaanza kujisikia vibaya kwa kumtazama. Mimi sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mzima akilia. Baba yangu hakulia hata alipomzika mama yake. Alikwenda tu kupasua kuni mpaka jioni. Mara za kwanza sisi wavulana tulimcheka Kanumba, tukamwiga njiani tukirudi nyumbani. Kisha siku moja, katika filamu ambayo ndugu zangu wanabishana mpaka leo kuhusu jina lake, hakuna aliyecheka. Kaka yangu aliyenitangulia alisema kwamba vumbi la magunia limemwingia machoni, nami nikamuunga mkono kwamba hata mimi vumbi limeniingia.

Sheria ya kibanda ilikuwa moja tu, kwamba stelingi hafi. Mtu alipotaka kulipiwa kiingilio na rafiki yake aliyewahi kuiona filamu, swali la kwanza lilikuwa kama stelingi amekufa, maana kama alikufa, pesa ilikuwa imepotea. Kanumba aliivunja sheria hiyo. Alikubali kufa katikati ya filamu, alikubali kuwa mwovu, alikubali kuachwa na mwanamke na asirudiwe. Nilipokuwa mdogo jambo hilo liliniudhi sana, hata nikawahi kumwambia mwenye kibanda anirudishie shilingi 50 yangu.

Sisi watoto tulipata zamu yetu mwaka 2010, zilipotoka This Is It na Uncle JJ, ambazo ndani yake waliigiza wale watoto tuliowajua kwa majina ya Jennifer na Patrick. Katika filamu nyingi za wakati ule mtoto alikuwa wa kutumwa maji ya kunywa na kuondoka, au wa kuugua kitandani ili wakubwa wapate sababu ya kugombana. Hapa watoto walizungumza, walijibu, walikasirika na walikuwa na akili zao, na yule mtu mkubwa aliinama akawasikiliza. Shuleni kwetu tulizicheza zile filamu wakati wa mapumziko kwa majuma mengi. Kila msichana alitaka kuwa Jennifer. Mimi sikuwahi kupewa nafasi ya Patrick kwa sababu nilikuwa mrefu, nikapewa kuwa Kanumba, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusimama huku nimeweka mikono mfukoni.

Nisisahau karaha zake, kwa sababu nazo ni sehemu ya kumbukumbu. Filamu iligawanywa katika diski mbili na kila moja iliuzwa peke yake. Ulikaa robo saa ukitazama matangazo ya filamu nyingine zinazokuja, kisha filamu ikaanza, kisha mtu akatembea kutoka getini hadi sebuleni huku wimbo mzima ukipigwa, na pale tu mke alipofungua mlango wa chumba na kuona alichokiona, ikaandikwa kwamba hadithi inaendelea sehemu ya pili. Mwenye kibanda alikuwa na sehemu ya pili mkononi. Alikuwa akitabasamu. Kiingilio upya.

Alifariki alfajiri ya Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28. Ijumaa Kuu ilikuwa imepita jana yake, na siku hiyo yenyewe ilikuwa Siku ya Karume, miaka arobaini kamili tangu Mzee Karume auawe, kwa hiyo redio tangu asubuhi ilikuwa katika hali ya kumbukumbu na maombolezo. Mama alikuwa akichambua mchele wa Pasaka. Tangazo lilipotoka, wala hakupiga kelele. Alisimama na ungo wake, akatoka nje, na nikamwona jirani wa kushoto naye ametoka, na wa mbele ametoka, wote wameshika kitu cha jikoni mkononi, wanatazamana. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka sita, alishikilia kwa siku mbili kwamba lile ni tangazo la filamu mpya. Tulimwacha aamini hivyo mpaka Jumanne ya tarehe 10, alipozikwa katika makaburi ya Kinondoni na runinga ikaonyesha jeneza. Siku hiyo kibanda kilijaa kuliko siku nyingine yoyote, na mwenye kibanda hakutoza kiingilio.

Naomba na ninyi mlete ya kwenu. Mlimwona wapi, na mlikuwa mmekaa na nani?

Mkazi wa Kihonda

Mkuu, umeandika vizuri, ila naona umeanzia katikati. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini tulimwona kabla ya diski, wakati akiwa katika kundi la Kaole, tamthilia zao zilipokuwa zikirushwa na ITV. Hapo hakuwa stelingi. Alikuwa kijana mwembamba ambaye bado hajajua aiweke wapi mikono yake, akiwa pamoja na Vincent Kigosi tuliyemwita Ray na Blandina Chagula tuliyemwita Johari, na wote walikuwa wakijifunza mbele ya macho yetu.

Mtaani kwetu Morogoro kulikuwa na nyumba moja yenye runinga. Ili uruhusiwe kuingia ulipaswa kuvua ndoo, yaani kuchota maji ndoo mbili kwa ajili ya mama mwenye nyumba, kisha kunawa miguu, kisha kukaa sakafuni bila kuegemea ukuta uliopakwa rangi. Mtoto wa nyumba ile, ambaye tulikuwa rika moja, alikuwa na mamlaka ya kuzima runinga muda wowote aliokosana na mmoja wetu, kwa hiyo saa ya tamthilia ilipokaribia alikuwa akipendwa na kila mtu na akishinda kila mchezo wa gololi. Nilikuja kumwona Kanumba wa filamu nikiwa kidato cha tatu, na nilijisikia kama mtu anayemwona kijana wa jirani amerudi kutoka safari akiwa na gari. Nadhani ndiyo maana kizazi chetu kilimpenda kwa namna tofauti na chenu. Ninyi mlimkuta mkubwa.

Mbishi Halali

Ninaheshimu msiba na ninaheshimu kumbukumbu za watoto, lakini naomba niruhusiwe kusema kwamba tunamkuza kupita kiasi kwa sababu alikufa kijana. Nimezirudia filamu zake mtandaoni mwezi uliopita. Sauti inapanda na kushuka, upepo unavuma kwenye maikrofoni, chumba cha hospitali ni chumba cha kulala kilichotandikwa shuka jeupe, na majina ya filamu karibu yote ni ya Kiingereza ilhali watu ndani yake wanaongea Kiswahili. Oprah ya mwaka 2008, ambayo ndani yake alikuwa na Ray na Irene Uwoya, niliikumbuka kama filamu kubwa kabisa. Safari hii nilihesabu dakika ambazo watu wanapanda na kushuka magari, nikachoka kuhesabu. Kama angeishi, leo tungekuwa tunamkosoa kama tunavyowakosoa wenzake.

Mtoto wa Ngokolo

Ndugu Mbishi Halali, hayo yote ni kweli na sina sababu ya kuyapinga. Shuka jeupe la hospitali nilikuwa nalitambua hata nikiwa na miaka tisa, kwa sababu lilikuwa na maua pembeni. Tofauti yetu ni ndogo tu. Wewe unazungumzia filamu, nami ninazungumzia kilichotokea ndani ya chumba kile zilipokuwa zinaonyeshwa. Kuhusu majina ya Kiingereza nakubaliana nawe kabisa. Mama yangu aliyaita yote kwa majina yake mwenyewe, "ile ya wifi", "ile ya mchungaji", "ile ya shetani", na mwenye kibanda alimwelewa bila taabu.

Kuhusu kwamba tungemkosoa, naona alikosolewa sana akiwa hai. Mwaka 2009 alipoingia kama mgeni katika jumba la Big Brother Africa, Kiingereza chake kilichekwa nchi nzima, na waliokicheka ni watu ambao wengi wao hawakuwa na Kiingereza chochote cha kupimia. Mwalimu wetu mmoja alitutolea mfano wa jambo lile darasani, akisema tusome kwa bidii tusije tukaaibika kama fulani. Darasa zima lilikaa kimya, na si kwa sababu ya adabu. Tulikuwa tumemkasirikia mwalimu. Miaka miwili baadaye akatoka na Devil Kingdom akiwa pamoja na Ramsey Nouah, akizungumza Kiingereza kile kile bila kuomba radhi.

Buyenzi Kwetu

Nawasalimu kutoka Bujumbura. Nimesoma uzi huu tangu mwanzo na nimeona kwamba mnamzungumzia kama mtu wa Tanzania peke yake, jambo ambalo ninalielewa, lakini naomba muongeze kiti kimoja. Mimi nimekulia Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya barabarani, sokoni na msikitini, na diski zake zilitufikia zikiwa zimenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba uso wake ulikuwa na mistari. Marehemu shangazi yangu aliuza vitenge sokoni, na alikuwa na kawaida ya kufunga meza mapema siku ambayo filamu mpya imefika.

Kiswahili chetu kilikuwa kikichekwa na wenzetu wa Tanzania, kwamba kina Kirundi na Kifaransa ndani yake. Basi sisi watoto tulichukua maneno ya Kanumba tukayavaa kama nguo mpya. Nilikuwa nikimwambia shangazi, "Samahani sana, naomba unisikilize," kwa sauti ile ile nzito, naye alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Habari za kifo chake zilipofika, kuna wanawake wa sokoni waliofunga vitambaa vyeusi kichwani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Dar es Salaam.

Binti Fundi

Nimesita kuandika, lakini mwanzisha uzi ameuliza tulikuwa tumekaa na nani, na jibu langu ni kwamba sikuwa nimekaa.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa dada wa kazi katika nyumba moja jijini Dar es Salaam. Sikuruhusiwa kukaa sebuleni wakati familia inatazama runinga, lakini mlango wa jikoni ulikuwa haufungi vizuri, na kutoka kwenye sinki la vyombo niliweza kuona karibu nusu ya kioo, upande wa kulia. Nimezitazama filamu za Kanumba kwa upande wa kulia. Mtu akisimama kushoto nilimsikia tu, na kwa sababu hiyo nilijifunza kumtambua kila mwigizaji kwa sauti. Nilikuwa nikiosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

Katika filamu zile mara nyingi alikuwepo binti wa kazi, na mara nyingi alionewa. Familia niliyokuwa nikiitumikia ilimhurumia sana binti yule wa kwenye runinga, mama wa nyumba akatokwa na machozi kwa ajili yake, kisha akaniita kwa sauti nilete maji. Sisemi hivi kwa uchungu. Nilikuwa nikileta maji polepole ili nione na upande wa kushoto.

Sasa nina cherehani zangu tatu, na nimezitazama zile filamu zote upya, kioo kizima. Kuna moja ambayo kumbe muda wote alikuwepo mtoto amekaa kwenye kochi la kushoto ambaye hakusema neno lolote. Nilipomwona nilishtuka kana kwamba ameingia nyumbani kwangu.

Mkazi wa Kihonda

Dada Binti Fundi, nimekusoma mara mbili. Asante sana kwa kutuandikia.

Jirani wa Leaders

Naongeza la siku ya Jumanne ile kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa darasa la sita na tulikuwa tukiishi karibu na viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, ambako mwili wake uliagwa. Nilitoroka nyumbani asubuhi nikidhani nitakuwa wa kwanza, kumbe watu walikwisha kujaa mpaka barabarani, na wengine walikuwa wamepanda juu ya miti. Watu walizimia kwa joto na msongamano, na vijana wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakiwapitisha juu ya vichwa vyetu. Siku chache kabla yake Rais Kikwete alikwenda kutoa pole msibani Sinza, na nakumbuka babu yangu, ambaye hakuwahi kuitazama filamu hata moja, aliuliza marehemu huyo alikuwa na cheo gani serikalini.

Sikufanikiwa kuliona jeneza. Nilichokiona ni migongo ya watu. Nilirudi nyumbani nimepoteza kiatu kimoja, nikachapwa, na mama aliponiuliza kama angalau nimemwona, nikamwambia nimemwona.

Mbishi Halali

Nimesoma yote yaliyofuata baada yangu na sifuti nilichoandika kuhusu upepo kwenye maikrofoni. Lakini nitasema ukweli kwamba mimi pia niliitazama This Is It pamoja na bibi yangu, Tabora, kwa runinga iliyounganishwa kwenye betri ya gari, na betri ikaisha nguvu kabla ya mwisho. Bibi alinimalizia hadithi kwa kichwa chake, kwa kirefu, mpaka nikalala. Miaka mingi baadaye niliuona mwisho wenyewe, na sikuupenda kama ule wa bibi.

Mwanzisha uzi, nina swali. Umetueleza kwamba baba yako hakulia na alikwenda kupasua kuni. Je, yeye aliwahi kumtazama Kanumba?

Mtoto wa Ngokolo

Mkuu, umeuliza vizuri. Kwa miaka yote nilijua kwamba hakuwahi. Baba alikuwa akisema kibanda ni mahali pa wahuni, na mama alipoanza kwenda alinung'unika juma zima, ingawa hakumzuia. Siku za filamu yeye alikuwa akiondoka nyumbani jioni akisema anakwenda kuangalia mbuzi.

Baba alifariki mwaka 2019. Tulipokuwa tumekaa msibani, yule mwenye kibanda, ambaye sasa anauza vifaa vya simu, alikuja kutoa pole na akakaa karibu yangu. Baada ya muda aliniambia kwamba marehemu ameondoka na deni lake. Nilishtuka, nikamuuliza ni kiasi gani, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kutangaza kwamba mwenye kudai ajitokeze. Akasema hajui atalihesabu vipi. Alieleza kwamba kwa miaka mingi, kila alipotoka nje kuongeza mafuta kwenye jenereta wakati filamu ya Kanumba inaendelea, alimkuta baba amesimama gizani nyuma ya ukuta, amelisogeza gunia la dirisha kwa kidole kimoja. Hawakuwahi kuzungumza kuhusu jambo hilo. Yeye aliongeza mafuta, baba akasogea kidogo kumpisha, kisha akarudi mahali pake.

Nilitoa shilingi elfu kumi nikampa, akazikataa. Nikamwambia tulitangaza madeni mbele ya watu na hili limetajwa, kwa hiyo ni lazima lilipwe. Alifikiri kidogo, akachukua shilingi 100, akasema hiyo ni ya filamu moja, na zile nyingine alikuwa amezisikiliza akiwa amesimama.